Mb 14 ya Wino wa Bluu

Kibaoni, Ifakara
9 Novemba 2023

Mheshimiwa Dkt. Herieth Masunga,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu zangu pamoja na heshima ambayo mzee wa miaka sabini na minne anapaswa kuitoa kwa mtu wa elimu yako, hata kama kwa umri ungekuwa mjukuu wangu. Mimi ni mzima kwa kiasi cha kushika kalamu. Masikio yangu yamekwisha kuachana na simu, ndiyo maana naendelea kukusumbua kwa karatasi, nawe kwa hisani yako unaendelea kunijibu kwa karatasi.

Natanguliza kuomba radhi kwa kuchelewa. Uliponichukua mimi, msaidizi wa maabara niliyestaafu zamani, nikukusanyie damu za wanyama wa bonde hili ili mlinganishe vitamini A iliyomo ndani yake, ulitaka mzigo ufike katikati ya Oktoba. Ng'ombe wa mkwe wangu Seni, huko upande wa Malinyi, walinipa damu yao bila ubishi. Mbuzi na nguruwe vivyo hivyo. Walionichelewesha ni mbwa, au tuseme wenye mbwa. Jirani yangu Jeremia alinisimamisha mbele ya watu akasema, "Mzee Lipangile, damu ya mbuzi naelewa, mbuzi analiwa. Hii ya mbwa huko Morogoro wanakula akina nani?" Nilimweleza kwamba mla nyama na mla majani hawahifadhi vitamini kwa namna moja, na ninyi mnataka kujua tofauti. Akanijibu, "Basi mwambie huyo daktari kwamba mbwa wangu anakula ukoko wa jana na matusi." Alinishikia mbwa wake hata hivyo, na alimshika vizuri.

Ndani ya sanduku utakuta chupa themanini na nne. Damu niliiacha itulie, nikatenga maji yake kama tulivyokubaliana. Nimeona kwa macho yangu yale uliyonieleza: maji ya damu ya ng'ombe ni ya manjano kama samli iliyoyeyuka, na ya mbuzi ni meupe kama ya mvua, kwa kuwa mbuzi hugeuza rangi yote ya majani kuwa vitamini na ng'ombe huiacha nyingine ipite.

Kuhusu lebo, nimefuata utaratibu niliofundishwa na Bruda msimamizi wa maabara ya misheni mwaka 1968, nami sijapata kuuacha. Herufi mbili za mwanzo wa jina la mnyama, kisha namba yake. Mnyama anayecheua huandikwa kwa wino wa bluu. Asiyecheua, kwa wino mweusi. Hivyo Ng ya bluu ni ng'ombe na Ng nyeusi ni nguruwe. Mb ya bluu ni mbuzi na Mb nyeusi ni mbwa. Utanisamehe barua hii kuwa nyeusi. Wino wa bluu umeishia kwenye lebo.

Sharti lako kwamba kibali cha utafiti ni cha wanyama peke yao, na kwamba damu ya binadamu isichanganywe humo, nimelisoma na nimelielewa.

Nina ombi moja, nami naliomba kwa aibu. Ukipata hesabu ya Mb 14 kabla ya nyingine, nifanyie hisani unitumie hiyo peke yake. Mwenyewe ana wasiwasi. Kuna shida ya kuona jioni, na kuna vidonge vya vitamini vinavyongoja kutolewa au kutotolewa kufuatana na jibu lako.

Sanduku na barua hii vinaletwa na Kasmiri, kondakta wa basi la asubuhi. Nimemwomba asikalie kifuniko.

Wako mtiifu,
Hermenegildi Lipangile


Kibaoni
12 Novemba 2023

Mwanangu Levina,

Natumaini umefika salama kwa mumeo, na kwamba safari haikukusumbua tumbo. Nisamehe kwa kutokusindikiza hadi stendi; goti lilinigomea.

Damu yako imekwenda. Nimekuandika kama ulivyotaka, nami nakiri kwamba mkono ulisita. Bado nakusikia: "Niandike mbuzi, Baba. Tangu darasa la kwanza unasema mimi mkaidi kama mbuzi, leo niingie kitabuni kabisa." Ulicheka, nami nikacheka, lakini kwenye barua ya daktari nilishindwa kuliandika neno hilo. Kuandika herufi mbili kwenye chupa niliweza. Kumwandikia mtu anayeniamini kwamba mwanangu ni mbuzi, huo ungekuwa uongo mtupu. Nimeandika Mb 14 nikaishia hapo. Yeye anajua maana yake.

Nakueleza tena tunachongoja, kwa sababu siku ile ulikuwa unatapika na huenda hukunisikia. Huoni jioni tangu mwezi wa tisa. Seni ameniambia, akijitahidi asicheke, kwamba ulimwamkia ng'ombe shikamoo ukidhani ni mama mkwe wako. Mimi nadhani ni upungufu wa vitamini A, kwa kuwa tumbo lako tangu utoto halishiki chakula. Lakini muuguzi alitujibu kweli tupu: vidonge vile vyekundu havipewi mama mjamzito kwa kubahatisha, kwani vitamini hiyo ikizidi humlemaza mtoto tumboni, na hapa kwetu hakuna anayeipima. Wewe umekwisha kuzika mimba mbili. Siwezi kukupa kwa kukisia.

Sasa sikiliza namba. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya thelathini na sabini. Akiwa chini ya kumi, macho yake yako hatarini. Akipita mia, amezidiwa. Ukiwa chini, nitakuletea vidonge mwenyewe, hata kwa goti hili. Ukiwa juu, hutavigusa. Vimo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati la marehemu mama yako, vinne.

Kwa sasa endelea na maini mara mbili kwa wiki, na majani ya matembele kila siku. Usimwambie mtu habari ya damu. Daktari yule ni binti mwema, na sipendi akose kibali chake kwa ajili yangu.

Barua hii anakuletea Mwalimu Eveline, anayerudi shuleni kwenu kesho.

Baba yako,
H. Lipangile


Morogoro
20 Januari 2024

Mzee wangu Lipangile,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, najua imechacha kidogo. Pole kwa kungoja. Taa ya mashine yetu iliungua tukakaa wiki sita tunaitazama kama msiba. Imewaka tena juzi, na wewe umekuwa wa kwanza, maana vijana wa maabara wanasema barua zako ni nzuri kuliko majibu yetu. Wamebandika ukutani ile habari ya mbwa wa Mzee Jeremia.

Majibu yote bado sana. Lakini Mb 14 wako, kwa lugha yako ya herufi mbili, nimemkimbiza peke yake. Nimefuata rangi ya wino kama ulivyoagiza, kwa hiyo usiwe na shaka hata kidogo. Ni 112. Nilirudia mara mbili, nikapata ileile. Huyo anakula maini nini? Mwambie mwenyewe alale usingizi. Upungufu hana; kama kuna kitu, ni ziada. Vidonge asipewe kabisa, na kwa kweli sikujua kwamba Kibaoni mmefika hatua ya kuwapa wanyama vidonge vya watoto!

Shida ya kuona jioni itakuwa na sababu nyingine. Umri labda.

Goti linaendeleaje? Hapa mvua haijaamua. Nampa Kasmiri barua hii pamoja na chupa mbili za wino wa bluu, zawadi kutoka kwetu sote.

Ni mimi, binti yako,
Herieth


Kibaoni
26 Januari 2024

Mwanangu Levina,

Namshukuru Mungu, nami naandika kwa haraka ili Eveline asiniache.

Jibu limekuja. Ni mia na kumi na mbili. Nimelisoma mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima. Daktari amelirudia mara mbili, na ameuliza hata kama unakula maini, pasipo mimi kumwambia neno. Umeona jinsi elimu inavyofika mbali.

Kwa hiyo nilikuwa nimekosea, nami nakuomba radhi. Nilipotenga maji ya damu yako yalikuwa meupe, meupe kama ya mbuzi wa kweli waliokuwa pembeni yako, na kwa weupe ule nilikaa nikiamini kwamba huna kitu mwilini. Jicho la mzee lisishindane na mashine.

Sasa fanya hivi bila ukaidi. Acha maini kabisa. Acha na matembele, mpaka ujifungue. Usipokee vidonge vya aina hiyo kwa mtu yeyote, hata akija na koti jeupe. Mwambie umekwisha kupimwa Morogoro. Macho tutayatafutia miwani mtoto akishazaliwa.

Vile vidonge vinne nilitaka kuvitupa. Nimeviacha tu.

Baba yako anayekupenda,
H. Lipangile


Malinyi
14 Aprili 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Simu hazishiki huku tangu mnara uzimike, na barabara unajua mwenyewe. Maji yamefika kwenye ua wa shule. Watoto wanakuja na viatu mkononi, wengine hawaji kabisa. Seni amehamishia ng'ombe mlimani, anarudi kila siku ya nne amechoka hasemi.

Nisamehe mwandiko. Naandika saa sita mchana mlangoni na bado mistari inapanda juu kama sisimizi. Juzi nilikuwa nafundisha darasa la tatu, nikageuka nikasikia kicheko. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, hilo neno la mwisho umeliandika ukutani." Nikawaambia ubao umekuwa mdogo, serikali ituongezee. Wakacheka zaidi. Niliporudi ofisini nilipapasa kiti, Baba, ndipo nikakaa.

Sasa si jioni tu. Mchana nao umeingia ukungu. Macho yananikwaruza kama nimetoka kupepeta mpunga, na machozi hayatoki hata nikilia, nami nimejaribu. Kwenye jicho la kushoto kuna doa jeupe kama povu la sabuni. Mayu, mama yake Seni, ameliosha kwa maji ya majani, halikutoka. Zahanati walitaka kunipa kidonge chekundu. Nikawaambia kama ulivyonifundisha, nimepimwa Morogoro, ninayo nyingi kupita kiasi. Walinitazama wakaandika kitu. Nilijisikia msomi.

Maini anayoniletea Seni nampa mayu. Amenenepa, anasema tangu nimepata ujauzito yeye ndiye anayekula kwa ajili ya mjukuu. Mtoto anacheza vizuri. Anapiga upande wa kulia tu, naona naye ni mkaidi.

Nilikuwa najiuliza, Baba. Hiyo 112 haiwezi kushuka? Naomba uniulizie kwa daktari wako wa mbuzi. Lakini usijisumbue sana, najua ulivyo. Kama ulisema ni nyingi, basi ni nyingi.

Barua hii nampa Fausta wa samaki wakavu. Anasema atavuka kwa mtumbwi akipata pa kuvukia.

Mwanao,
Levina


Morogoro
20 Mei 2024

Mzee wangu Lipangile,

Shikamoo, na pole sana kwa mafuriko. Tunaona picha tu. Natumaini maji hayakuingia kwako.

Nina furaha: kazi imekwisha! Ng'ombe wako wa manjano na mbuzi wako weupe wamekaa kwenye jedwali kama walivyopaswa kukaa, na mbwa wamewapita wote kwa mbali sana. Ndivyo walivyo wala nyama. Mbwa hutembea na vitamini kwenye damu kiasi ambacho kingemtia mtu hospitali. Hata yule mbwa wako Mb 14 uliyeniuliza, na 112 yake, si wa kwanza. Mbwa wa Mzee Jeremia amepata 140. Mwambie ukoko na matusi vinajenga.

Kitu kimoja tu kinanitatiza, na ndicho ninachokuandikia. Mbuzi wako wote wako kati ya ishirini na tano na arobaini, wanapendeza. Isipokuwa mmoja. Mbuzi Mb 14, huyu wa wino wa bluu, ana 7. Saba, Mzee. Nilidhani ni kosa nikampima upya. Ni saba. Tangu Novemba ile alikuwa karibu hana kitu, na kama hakutibiwa sidhani kama sasa anaona. Unamkumbuka? Alikuwa mgonjwa? Natakiwa kumtoa kwenye hesabu, lakini sitaki kumtoa bila sababu ya kuandika.

Kwa mwenyewe ushauri wangu ni rahisi. Mnyama wa namna hiyo hafai kutunzwa, na kama ana mimba ndiyo kabisa. Amchinje tu.

Nijibu ukipata nafasi. Kasmiri anasema safari za Ifakara zimerudi, kwa hiyo nampa yeye.

Binti yako,
Herieth


Kibaoni, Ifakara
8 Julai 2024

Mheshimiwa Dkt. Herieth Masunga,

Amani ya Bwana iwe pamoja nawe, na pamoja na wote mnaofanya kazi kwenye maabara yenu, mlionitumia wino. Naomba radhi kwa kukaa wiki sita bila kukujibu. Sina sababu yenye heshima. Kila nilipoketi nilipata kazi nyingine ya kufanya, hata kufagia mahali palipofagiliwa.

Umeniuliza habari ya mbuzi Mb 14. Hakuwa mbuzi. Ni mwanangu Levina, wa pekee niliyebaki naye, mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka thelathini na minane. Damu yake niliitoa mimi hapa nyumbani kwangu tarehe 30 Oktoba, kwa ridhaa yake, nikaitia kwenye sanduku lako kinyume cha sharti uliloniandikia na nililokwisha kulisoma. Alikuwa na mimba changa na macho yasiyoona jioni, nami nilitaka kujua kama nimpe vitamini au nisimpe. Sikupata mahali pengine pa kupimia. Hayo yote nayasema ili uelewe, si ili nisamehewe.

Wewe hukukosea popote, na hilo nakuomba ulisome taratibu. Nilikuandikia utaratibu wangu: Mb ya bluu mbuzi, Mb nyeusi mbwa. Kisha, katika barua ileile, kwa wino mweusi, nikakuuliza habari za Mb 14. Umenitafutia mbwa kwa sababu niliandika mbwa. Ningeandika neno moja, mbuzi, mambo yote yangekuwa mengine. Sikuliandika kwa kuwa niliona ni uongo, na mimi nilijihesabu kuwa mtu asiyesema uongo. Nilikwisha kuweka damu ya mtu kwenye chupa ya mbuzi, nikaja kuona haya mbele ya neno.

Kwa namba ya mbwa nilimkataza mwanangu maini. Nilimkataza majani. Nilimfundisha jinsi ya kukikataa kidonge akipewa, naye alikikataa mbele ya watu wa zahanati, akanipa taarifa kama mwanafunzi aliyefaulu. Barua yake ya Aprili, yenye habari ya doa la povu kwenye jicho, ilinifikia tarehe 11 Mei. Doa lile mimi nalijua, Daktari. Nililiona kwa watoto miaka ya sabini, nilipokuwa nashika taa kwenye kliniki ya misheni. Nilikaa na ile barua siku mbili. Halafu nikajiambia: mia na kumi na mbili, na mashine imerudia mara mbili. Nikaenda kumtafutia dawa ya kusafisha macho.

Yako ilifika tarehe 25. Nilipofika kwenye maneno "yule mbwa wako" nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Sikuhitaji kuendelea, lakini niliendelea, kwa heshima yako. Ulisema mwenyewe amchinje. Nakuomba sana neno hilo lisikuumize. Ulikuwa unasema habari ya mbuzi, na kwa mbuzi ulisema kweli.

Nilichukua vidonge vyote vinne nikaondoka siku hiyohiyo. Kupita Lupiro palikuwa hapapitiki; nilichukua siku tatu, pikipiki, mtumbwi, na sehemu nyingine kwa miguu nikishikwa mkono na watu nisiowajua. Levina alikuwa ameketi mlangoni. Alinitambua kwa mguu unaoburuta. "Baba, mbona umekuja bila kutuma neno? Sijakupikia kitu." Uso ulikuwa umeelekea kwenye mti, mimi nikiwa upande wa pili. Jicho la kushoto lilikuwa limepasuka. La kulia lilikuwa limefunikwa na weupe kama wa yai lililochemshwa. Nilimpa kidonge papo hapo. Hakuuliza ni cha nini, alifungua mdomo.

Hospitali walitupokea vema, wakafanya yote yawezekanayo kufanywa. Daktari wa macho, kijana mpole, alinivuta kando akasema tu, "Mzee, mngemleta Februari." Nilimwambia ndiyo.

Mtoto alizaliwa tarehe 19 Juni, wa kike, kilo mbili na robo, mzima. Seni amemwita Balbina, jina la marehemu mke wangu, ili kunifariji. Macho yake hayana kasoro. Hufuata mwanga wa dirisha tangu wiki ya pili. Mama yake humpapasa uso kwa vidole viwili, paji, pua, mdomo, tena na tena, halafu huniuliza. "Baba, mweupe au mweusi?" Namwambia maji ya kunde. "Masikio ya Seni?" Namwambia ya Seni. "Anacheka sasa hivi, au napapasa vibaya?" Na mimi huwa nasema anacheka.

Juma lililopita aliniuliza jambo jingine. Alikuwa ananyonyesha. Alisema, "Baba, ile namba ya Morogoro ilikuwa ngapi vile?" Nikasema mia na kumi na mbili. Akasema, "Basi si vitamini iliyonipofusha. Afadhali. Ingekuwa vitamini ningesikitika, maana ni kitu cha kumeza tu." Nikasema, "Si vitamini, mwanangu." Nimeishi miaka mingi nikisoma katekisimu pamoja na watoto wa watu. Sikujua kwamba uongo wangu mkubwa ningeusema kwa urahisi namna ile, mkono ukiwa juu ya kichwa cha mjukuu.

Sasa maombi yangu, nami sistahili hata moja. Kwanza, umtoe Mb 14 wa bluu kwenye jedwali lako. Mbuzi wa bonde hili ni kumi na saba na wote ni wazima. Isije ikasomwa mahali kwamba mmoja wao alikuwa na saba. Sababu ya kuandika unayo sasa. Iandike kwa jina langu, na kama kuna mkubwa wa kibali anayepaswa kuambiwa, mwambie aliyekosa ni Hermenegildi Lipangile wa Kibaoni, nami nitakuja kusimama mbele yake akiniita. Pili, kuna bingwa wa macho hapo Morogoro ambaye hospitali yetu imemwandikia Levina aende kwake Jumatano. Hawakunificha kwamba hakuna tumaini la kuzungumziwa. Wanataka tu lile la kulia litazamwe kabla ya kufungwa jalada. Hana mtu anayemjua mjini. Nimempa jina lako na maelekezo ya kufika chuoni kwenu, kwenye maabara. Nakuomba umwonyeshe njia.

Akikukuta, atakuuliza ile namba. Ni mwalimu, huuliza tena hata alichokwisha kujibiwa. Sikuombi udanganye. Nimekwisha kukuingiza kwenye uongo mmoja bila idhini yako, na wa pili sitauomba. Naomba tu usilianze wewe jambo hilo. Ukiona huwezi kunyamaza, basi mwambie, lakini awe ameketi, na mtoto ashikwe na mtu mwingine.

Barua hii anakuletea Levina mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni, akiongozwa na mama mkwe wake ambaye hakubahatika kwenda shule. Bahasha sikuifunga. Hapakuwa na haja.

Wako katika majuto,
Hermenegildi Lipangile